Mtoto hangoji mto upungue

Ndugu msomaji, hebu sema kweli. Jamaa yako aliye Garsen akikupigia simu kukuarifu kwamba mkewe ni mjamzito wa miezi saba, wewe uliye Buruburu au Kisauni hufanya nini? Nakujua vyema. Jumamosi inayofuata utakuwa Gikomba ukichagua vikofia, soksi za rangi ya waridi na blanketi lenye picha ya sungura. Ukiwa Mombasa utapita Biashara Street ununue leso doti mbili, moja ya mama na nyingine ya nyanya, kisha mzigo uutie katika basi la Lamu ushushwe Minjila. Ukitoka hapo utajipongeza moyoni kwamba wajibu wako umeutimiza.

Sina ugomvi na blanketi la sungura. Leso ni jambo jema, tena zina kazi kubwa kama nitakavyoeleza. Lakini mtoto anayezaliwa saa nane za usiku, mto umefurika na njia ya kwenda hospitalini imekuwa bwawa, kitu cha kwanza anachohitaji ni wembe mpya ambao haujatolewa katika karatasi yake. Bei yake haifikii bei ya soksi hata kidogo, na aghalabu ndio unaosahauliwa.

Kwa hivyo leo, katika ukumbi huu, nataka tuzungumzie kifurushi cha uzazi. Nimechagua Tana River kwa sababu huko mambo haya si ya kusoma kitabuni.

Kwanza tuelewane. Sisemi kwamba ni afadhali mama azalie nyumbani. Mahali pa kuzalia ni hospitalini, au katika kituo chenye mkunga aliyesomea kazi hiyo, penye dawa ya kuzuia damu na njia ya kumpeleka mama mbele mambo yakiharibika. Tangu Juni 1, 2013, serikali ilipofuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, akina mama wengi wameitikia mwito huo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto 61 katika kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 82. Ni hatua kubwa. Lakini hesabu ya nchi nzima huficha mengi, na mara zote mbili Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizobaki mkiani.

Wenzetu wa mjini hupenda kusema kwamba hiyo ni ukaidi, au ujinga, au mila. Mila zipo, nami sitazifumbia macho. Lakini kabla hujatoa hukumu, itazame ramani.

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini, kiasi cha kilomita 1,000 tangu milima ya Aberdare na Mlima Kenya hadi unapoingia baharini karibu na Kipini. Mvua ikinyesha sana Nyeri na Murang'a, na bwawa la Masinga likajaa na kumwaga, maji hayo huteremka siku baada ya siku hadi yafike nyanda za chini. Unaweza kuwa umekaa Garsen, mbingu nyeupe, jua linawaka, huku mto unapanda na kuingia mashambani. Walioishi huko wanayakumbuka mafuriko ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998. Yakaja ya mwaka 2018, ambapo familia nyingi za Delta zilihamia kambini. Yakaja ya mwisho wa mwaka 2023, barabara ya kutoka Minjila kwenda Hola na Garissa ikakatika, na ya Aprili na Mei 2024 yakafuata kabla watu hawajakausha magodoro. Aprili hiyo hiyo, mashua iliyokuwa ikivusha watu penye mafuriko kati ya Garissa na Madogo ilizama na kuua watu. Sasa mwambie mama mwenye uchungu apande mashua usiku.

Hata kiangazi si rahisi. Hospitali ya Ngao haiko mbali na mji wa Garsen, na ni bahati kubwa kwa walio upande huo. Lakini kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Yupo mama wa Ozi, au Chara, au Kau, ambaye mtumbwi kwake ndio matatu, na mto wenyewe una viboko na mamba. Yupo mama wa Kiorma ambaye familia imehama na ng'ombe kufuata majani, uchungu ukimshika yuko malishoni. Tena usalama nao umewahi kufunga njia. Mwaka 2012, baada ya mauaji ya Delta, serikali iliweka amri ya kutotoka nje usiku. Hakuna mtoto aliyewahi kusikia amri ya namna hiyo akangoja kupambazuke.

Ndiyo maana nasema kifurushi si mashindano na hospitali. Mama akifika kituoni salama, kifurushi kitamfaa vilevile, maana wewe na mimi tunajua kwamba kuna vituo ambavyo mama huulizwa glavu zako ziko wapi, pamba yako iko wapi. Asipofika, ndicho kitakachosimama kati yake na pepopunda.

Lakini wako akina mama ambao hawapaswi hata kidogo kungoja nyumbani, kifurushi au hakuna kifurushi. Aliyewahi kupasuliwa. Mwenye mapacha. Ambaye mtoto wake amekaa vibaya tumboni. Mwenye shinikizo la damu, au upungufu wa damu. Aliyevuja damu nyingi uzazi uliopita. Anayezaa kwa mara ya kwanza, hasa akiwa bado binti mdogo, na yule ambaye ameshazaa mara tano au zaidi. Mwenye virusi vya ukimwi, maana mtoto wake anahitaji dawa mara anapozaliwa. Na kuna jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona: baadhi ya jamii za Tana River bado zinakeketa wasichana, ijapokuwa sheria ya mwaka 2011 imepiga marufuku. Dada aliyekeketwa, hasa aliyeshonwa, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuchanika, kuvuja damu na kukawia na uchungu. Huyo asiachiwe nyanya na wembe.

Hawa wote waondoke mapema. Mwezi wa nane ukiisha, mama aje akae kwa wifi yake Garsen mjini, au kwa shangazi Malindi, karibu na hospitali. Hapo ndipo wewe mtu wa mjini unapoingia. Chumba chako cha Malindi chenye kitanda kimoja kitaokoa maisha kuliko blanketi lenye sungura.

Sasa tuingie katika kifurushi chenyewe.

Nilikionyeshwa kimoja Tarasaa na mama wa makamo ambaye kwa ukoo ni shangazi yangu. Mkaza mwanawe alikuwa katika mwezi wa nane. Shangazi alivuta ndoo ya plastiki kutoka mvunguni, ile ya lita 20 yenye kifuniko cha kukaza, akaifungua kama mtu anayefungua sanduku la dhahabu. Nikamuuliza kwa nini ndoo, si mkoba. Akanitazama kwa huruma, kama wanavyotutazama sisi wa mjini, akasema, "Mwanangu, mkoba ukianguka majini unazama. Ndoo inaelea."

Ndani mlikuwa na nini? Kabla sijakueleza, fahamu msingi wake. Wataalamu wa afya wamehubiri kwa miaka mingi usafi wa mambo sita: mikono ya anayezalisha, sehemu za siri za mama, mahali anapolala, kitu cha kukatia kitovu, uzi wa kukifungia, na kitovu chenyewe baada ya kukatwa. Kila kitu ndani ya ndoo ya shangazi kilikuwa na nafasi yake katika hayo sita.

Kulikuwa na kipande cha karatasi ya nailoni, upana na urefu kiasi cha mita moja, kilichooshwa kwa sabuni, kikakaushwa na kukunjwa. Hicho hutandikwa chini ya mama. Mkeka mtupu hautoshi, hata ukiwa mpya, kwa kuwa hunywa damu na kuhifadhi uchafu katikati ya miyaa. Nailoni ya kufunikia meza inafaa. Gunia la mbolea halifai, liwe limeoshwa mara mia.

Kulikuwa na sabuni za kipande mbili. Anayezalisha hukata kucha, huvua pete na bangili, kisha huosha mikono hadi viwikoni kwa maji yanayotiririka. Usinawe ndani ya beseni, maana unajirudishia uchafu wako mwenyewe. Kulikuwa na jozi tatu za glavu. Hizo ni za kumkinga mama na mkunga vilevile, maana damu siku hizi si ya kuchezea, na wala haziondoi haja ya sabuni.

Kulikuwa na nyembe mbili katika karatasi zake. Mbili, kwa sababu moja inaweza kuanguka mchangani. Naomba nisimame hapa kidogo. Wembe uliokata kucha, kisu cha jikoni, makasi ya cherehani, kigae, yote haya yamewahi kukata vitovu vya Wakenya, na pepopunda imeingia kwa njia hiyo hiyo. Mdudu wake hukaa katika udongo na samadi, naye hufurahia sana kitovu kibichi. Mtoto huzaliwa mzima, ananyonya, kisha baada ya siku chache taya linakaza, hanyonyi tena, mwili unajikunja kama upinde. Kuna wazee waliodhani ni jini. Mama akidungwa chanjo ya pepopunda kliniki kama inavyopangwa, mtoto huzaliwa na kinga. Wembe mpya na sindano ya kliniki ni ndugu wawili, usimtume mmoja bila mwenzake.

Halafu uzi. Shangazi alikuwa na vipande vinne vya uzi mnene wa pamba, kila kimoja urefu wa shibiri moja, alivyovichemsha kwa dakika 20, akavikausha juu ya kitambaa safi na kuvifunga katika nailoni ndogo. Mtoto akishatoka, hakuna haraka ya kukata. Hungojwa dakika moja hadi tatu, mpaka kitovu kiache kupigapiga, ili damu iliyo yake imfikie. Uzi wa kwanza hufungwa vidole viwili kutoka tumbo la mtoto, wa pili mbele kidogo, na wembe hupita katikati yao. Uzi ukilegea mtoto anaweza kuvuja damu akiwa amefunikwa, watu wanadhani amelala. Kwa hivyo baada ya kufunga, funua uangalie tena.

Kisha zikafuata leso, na hapa nakurudishia heshima yako, msomaji uliyekwenda Biashara Street. Zilikuwa sita, kuukuu, zimefuliwa, zikaanikwa juani na kupigwa pasi ya makaa pande zote mbili. Kuukuu ni bora kuliko mpya kwa vile hunywa maji upesi. Mbili ni za mtoto: moja ya kumfuta mara tu anapotoka, nayo hutupwa kando kwa kuwa imelowa, na ya pili kavu ya kumfunika. Mtoto huwekwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akafunikwa pamoja naye, na kichwani avikwe kile kikofia chako. Usidhani kwamba joto la Garsen linatosha. Mtoto aliyelowa hupoteza joto haraka hata pwani. Kwa sababu hiyo hiyo asiogeshwe siku ya kwanza. Nyanya watanuna, najua. Waambie ngojeni saa 24, mtamwogesha mpaka mchoke.

Mwisho kulikuwa na tochi mbili pamoja na betri zake, neti iliyotiwa dawa, na kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto ndani ya nailoni. Tochi ni kitu ambacho watu hukidharau wakisema kwamba simu ina taa. Simu hiyo hiyo ndiyo itakayotakiwa kumpigia mwenye mashua. Na neti ni lazima, maana mafuriko yakipungua huacha madimbwi, na madimbwi huacha mbu.

Kitu kimoja hakikuwamo ndani ya ndoo, nacho ni maji. Wakati wa mafuriko mto huwa umebeba vyoo vya watu, mizoga na kila kitu. Pembeni pa kitanda shangazi aliweka jerikeni la maji yaliyochemshwa, na kila Jumapili aliyabadilisha. Mwanamke huyu hajapita darasa la nne, lakini mimi mwenye diploma nilikuwa naandika kila neno lake.

Sasa wakunga wetu wa jadi. Zamani serikali na mashirika yaliwapa mafunzo na vifaa, yakawategemea. Siku hizi sera imebadilika: wanaombwa wamsindikize mama hadi kituoni na kuwa naye hapo, wasimzalishe nyumbani. Naunga mkono sera hiyo. Hata hivyo, usiku ambao maji yamezunguka kijiji, sera haivuki mto. Atakayeitwa ni yule yule nyanya. Basi ni afadhali tumpe glavu na tumwambie kwa adabu mambo ambayo yamebadilika kuliko kumtukana mchana na kumwita usiku.

Ya kumwambia ni haya. Asipake kitu kitovuni: si jivu, si samli, si mate, si chumvi, wala samadi. Kiachwe wazi, kikavu, kianguke chenyewe. Kama muuguzi ametoa dawa ya klorheksidini ya kupaka kitovuni, hiyo itumiwe jinsi alivyoagiza, wala isichanganywe na kingine. Asivute kitovu ili kondo la nyuma litoke, na asimkande mama tumboni kwa nguvu kabla mtoto hajazaliwa. Maziwa ya kwanza, yale ya manjano, yasikamuliwe yakamwagwa, na mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza. Mtoto asiyelia afutwe upesi na asuguliwe mgongo kwa leso kavu. Asichapwe, asining'inizwe miguu juu. Akikataa kupumua baada ya hapo anahitaji mtu mwenye kifaa cha kumpa pumzi na aliyefunzwa kukitumia, na anamhitaji ndani ya dakika, si saa. Kifaa hicho hakimo katika ndoo yoyote.

Wala ndoo haina dawa ya damu. Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, na ndilo linaloua akina mama wengi baada ya kujifungua. Damu kidogo ni kawaida. Lakini leso ikilowa chepechepe, ukaweka nyingine nayo ikalowa, hiyo si kawaida tena, na usikubali mtu akuambie kwamba ni damu chafu inayojisafisha. Mtoto awekwe titi, mama akojoe, tumbo chini ya kitovu lisuguliwe kwa kiganja mpaka mji ukaze kama ngumi, na safari ianze papo hapo. Safari ianze vilevile kondo likikaa saa nzima bila kutoka. Na likitoka lisizikwe haraka. Liangaliwe kama ni zima au limebaki kipande, au libebwe katika nailoni likaangaliwe kituoni.

Kuna vidonge vya misoprostoli vinavyosaidia kuzuia damu mahali ambapo sindano ya oksitosini haipatikani, kwa kuwa sindano hiyo huhitaji baridi na vidonge havihitaji. Muulizeni muuguzi kliniki mapema. Msivinunue kichochoroni, na mtu asithubutu kumpa mama kabla mtoto hajatoka, wala kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna pacha ndani. Vikitangulia vinaweza kupasua mji wa uzazi.

Na dalili za kutongoja hata dakika moja, hata kabla ya uchungu, ni damu, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona kiza, kifafa, homa kali, maji kupasuka bila uchungu kufuata. Uchungu ukipita saa 12 mtoto hajatokea, ondokeni. Ukiona mkono au kitovu kinatangulia, ondokeni.

Ondokeni na nini? Hapa ndipo kifurushi cha kweli kilipo, nacho ni cha baba. Pesa za mashua na za bodaboda, zikiwa mkononi au katika simu ya mama mwenyewe, si katika simu ya mume aliye kazini Mombasa na ambayo imezimwa. Jina la mwenye mashua na la mwenye gari, walioambiwa wiki nzima kabla kwamba huenda wakaamshwa. Watu wawili wa ukoo walio tayari kutoa damu. Jibu la swali hili: ni hospitali gani ya karibu inayopasua usiku? Msiulize siku hiyo. Ulizeni kliniki katika mwezi wa saba, na mandike jibu katika kijitabu, kwa kuwa kina ukurasa wa mipango ya kujifungua ambao wengi hurudi nao mtupu. Tena hakikisheni mama amesajiliwa katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na kwamba michango imelipwa. Ni jambo la kupiga *147# kwa simu. Usajili unaofanywa mlangoni mwa hospitali, mama akigumia, ni aibu ya wanaume.

Na ruhusa. Nimeona nyumba ambako mama hawezi kuondoka mpaka mume aseme, naye mume yuko malishoni siku mbili mbali, mama mkwe anasema tungoje kidogo. Wenye kuchunguza vifo vya uzazi wametaja kungoja huku kuwa jambo la kwanza kati ya matatu yanayoua, kabla ya ubovu wa barabara na kabla ya upungufu wa hospitali. Basi bwana, kama wewe ndiye mume, ruhusa itoe leo, mbele ya mamako na mbele ya jirani: uchungu ukianza aende, asiningoje. Maneno hayo hayagharimu hata senti.

Ninyi wanafunzi mnaokwenda likizo Aprili na Desemba, ambayo ndiyo miezi ya mto, mna kazi. Kisomeni kijitabu cha kliniki kwa sauti mbele ya nyanya, mkitafsiri kwa Kipokomo au Kiorma pale Kiswahili kinapokwama. Tafuteni nambari ya simu ya mhudumu wa afya wa kijamii wa kijiji chenu, kwa maana tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu 100,000 kote nchini vifaa na kazi ya kupita nyumba kwa nyumba. Iandikeni ukutani kwa makaa.

Ikitokea kwamba mtoto amezaliwa nyumbani, na mama na mtoto wako salama, kazi bado. Wote wawili wafike kituoni upesi iwezekanavyo, ndani ya siku mbili, mama akaguliwe na mtoto apate chanjo ya kifua kikuu na ya polio. Kisha baba aende kwa naibu wa chifu akaandikishe uzazi huo. Mtoto wa hospitalini huandikishwa huko huko, wa nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu, na sheria inatoa miezi sita. Baada ya hapo ni uandikishaji wa kuchelewa, wenye maswali na safari nyingi. Wazazi waliokimbizana na cheti cha kuzaliwa wiki ya kusajili watoto kwa mtihani wanajua ninachosema. Kwa hiyo, unapofunga mzigo wako wa Minjila, weka juu ya blanketi bahasha yenye nyembe mbili, jozi tatu za glavu na nauli ya kwenda kwa naibu wa chifu, na ndoo yenye kifuniko iwe ndiyo mfuko wa mzigo wenyewe.